Mpaka Agonge

12 Februari

Mjomba wangu, shikamoo.

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na goti lako halijakususia. Mimi ni mzima, ila mdomo umepasuka, na ndiyo sababu ya kukuandikia.

Kazi yangu kiwandani ni ile ile, kukata nyama meza ya tatu. Nyapara wetu tunamwita Nyundo. Hutembea na mpini wa sururu, na si pambo. Wiki iliyopita alimpiga nao mzee anayetundika nyama kwenye kulabu, vidole viwili vikavunjika. Kosa la mzee ni kuketi. Jana nikamwambia Nyundo, "Huyo ni sawa na baba yako." Akanizaba kofi mbele ya watu. Nikaonja damu. Niliuona mkono wake ukirudi, mzito, wazi kabisa, ningevunja kiwiko kabla hajapepesa jicho. Nikakumbuka kiapo ulichotuapisha ukumbini, kwamba jujitsu haitoki nje bila ruhusa yako. Nikaweka mikono nyuma kama mwizi aliyekamatwa.

Sasa naomba ruhusa. Kisu ninacho mezani kutwa nzima na sitaki kukitumia. Tukiendelea hivi atamuua yule mzee, au mimi nitasahau kwamba sitaki.

Mpwa wako,
Kisiki

20 Februari

Marahaba, Kisiki binti yangu.

Huku hatujambo. Goti halijanisusia, limeninunia tu. Sikio la kushoto limekunjamana kama kiatu kilichonyeshewa, na mkeka wa ukumbi umechanika tena, nimeushona kwa uzi wa viatu vya wateja. Fundi viatu hakosi uzi.

Barua yako nimeisoma mara tatu na hasira imenipanda mpaka utosini. Ngoja nikukumbushe yale niliyofundisha wewe ukisinzia. Sanaa hii ilizaliwa vitani, Japani ya zamani. Askari akipoteza upanga, na adui kavaa deraya ya chuma mwili mzima, ngumi ingemsaidia nini? Angeumia mwenyewe. Ikabidi amwangushe, amkunje viungo, amkabe. Vita vikapita, walimu wakaigeuza kuwa malezi. Baadaye ikavuka bahari hadi Brazili, huko wakazama zaidi katika mapigano ya chini, mdogo kumshinda mkubwa aliyemlalia. Jina lake maana yake ni sanaa ya ulaini. Akikusukuma, mpishe, nguvu zake zitamwangusha. Mpole si mnyonge.

Kwa hiyo ruhusa nakupa. Usianze wewe. Akikuvamia, mwangushe, zunguka mgongoni, mpige kabali. Na huruma weka pembeni, maana mtu wa namna hiyo ukimwachia mapema ataokota mpini. Fanya kama ukumbini, shikilia mpaka agonge chini kwa kiganja, akiri kashindwa.

Mjomba wako

2 Aprili

Mjomba, shikamoo. Naomba Mungu muwe wazima. Mimi nimevunjika mtulinga wa kulia, ule mfupa wa begani, naandika kwa kushoto, unisamehe mwandiko.

Nyundo amekufa.

Ilikuwa Jumanne asubuhi. Mzee alirudi kazini vidole vimefungwa, paja la ng'ombe likamponyoka. Nyundo akampiga mpini mgongoni. Mzee akaanguka, akampiga tena pale chini, kwa utulivu, kama mtu anayetwanga. Nikaingia kati. Pigo la tatu likanishukia mimi, nikasikia mfupa ukikatika. La nne nikaliacha lipite, akaja mzima mzima na uzito wake, nikamfagia mguu, tukaanguka wote kwenye mafuta na damu. Nikamzunguka. Mkono wangu wa kushoto, ulio mzima, shingoni kwake, miguu kiunoni.

Nilikuwa nasubiri agonge, Mjomba. Nikampigia kelele sikioni, "Gonga! Gonga nikuachie!" Akanikwaruza uso, akaning'ata mkono mpaka nyama ikatoka, akapigapiga visigino. Ukumbini hata watoto wa miaka sita hugonga. Nikajisemea, ana kiburi huyu, hataki kushindwa. Akakoroma. Akalegea. Nikasema anajifanya, nikimwachia ataokota mpini, si ndivyo ulivyoniambia? Nikakaza. Mzee ndiye aliyenivuta nywele akisema, "Mwanangu, mwache. Ameshaondoka."

Nikiwa nimekaa pale kwenye damu ndipo akili ikanijia. Hakuwa na kiburi. Hakujua kugonga ni nini. Nani angekuwa amemfundisha?

Wenzangu wamewaambia polisi kwamba aliteleza, shingo ikanasa kwenye mnyororo wa kulabu. Polisi wameandika hivyo wakaondoka. Watu wananipigia makofi nikiingia, nami nawaambia waache. Jana mkewe alisimama getini akimuuliza kila anayetoka, "Ulikuwepo?" Nikapita kichwa chini. Nifanye nini?

Mpwa wako,
Kisiki

9 Aprili

Kisiki, mwanangu. Pole ya bega. Pole ya yote.

Kosa ni langu. Vitani hapakuwa na kugonga. Kugonga ni ahadi ya watu wawili wanaoaminiana, mmoja ameweka shingo yake mikononi mwa mwenzake. Ule ulaini tunaojisifia wote uko hapo, toa hapo na kinachobaki ni kuua tu. Mimi nikakutuma vitani na sheria ya mchezoni. Nimefundisha miaka thelathini, na siku niliyotakiwa kufikiri niliandika kwa hasira. Ukumbi nimeufunga.

Sasa nisikilize. Nyamaza. Mama yako alipofariki aliniachia wewe, hakuniachia kingine. Polisi wameshaandika, na aliyekufa harudi. Choma barua yangu ya Februari, na hii pia. Najua haya ni maneno ya mwoga. Mwalimu asingeyasema, lakini mjomba anayasema.

Mjomba wako

21 Aprili

Mjomba, shikamoo. Bega lilikuwa limeanza kuunga. Barua zako mbili nimezichoma, kwa hiyo lala.

Ila kunyamaza kumenishinda. Jumapili nilikwenda kwa mjane. Chumba kimoja, kitanda, jiko, fimbo nyuma ya mlango. Ana kovu kutoka sikioni hadi kidevuni, sikuuliza kalipata wapi. Shetani akanidanganya kwamba mama huyu atanishukuru. Nilipomaliza kumweleza nilivyomuua mumewe, alichukua ile fimbo akanipiga nayo. Mbavu, mgongo, bega lile lile. Mara tatu niliona njia ya kumwangusha, mguu wake wa mbele haukuwa na uzito hata kidogo. Sikuitumia. Alinipiga mpaka pumzi ikamwishia, akaketi sakafuni, akasema, "Miaka tisa alinipiga. Lakini hata yeye alijua kuacha."

Nikairudisha fimbo nyuma ya mlango, nikatoka.

Kesho asubuhi nakwenda polisi. Nitasema ilivyokuwa. Wakiuliza nilijifunza wapi, nitasema huku na kule. Wakifika kwako, wewe ni fundi viatu na hunijui kwa lingine. Usijibu barua hii. Nakupenda sana, na sikukuambia vya kutosha.

Mpwa wako,
Kisiki

26 Aprili

Bwana afande utakayefungua barua hii kabla ya Kisiki, soma mpaka mwisho, kisha umpe.

Mimi ni mjomba wa binti mliyemshikilia, na ni mwalimu wake. Tarehe ishirini Februari, kwa mkono huu huu, nilimpa ruhusa ya kumkaba marehemu na nikamwagiza asimwonee huruma. Barua hiyo ameichoma kwa sababu nilimwamuru. Kisha nikamshawishi awafiche ukweli. Atawaambia hanijui. Anadanganya, na ni mara ya kwanza namwona akidanganya. Nilikuwa nimeanza kuona fahari kwamba nilimlea vizuri, nikakumbuka nilichomfanyia.

Kisiki, nimesoma maneno ya yule mjane. Anayepaswa kuyajibu si wewe peke yako. Nafika hapo kituoni Jumatano kwa basi la asubuhi. Nina blanketi mbili za mahabusu, moja yako, moja yangu. Sijui kama wataziruhusu.

Mjomba wako