Nguzo Iliyoombewa

Mwenzangu, usinipigie, andika tu. Niko kanisani.

Ile roshani mpya ya kwaya niliyoikagua, nguzo yake imepasuka. Ufa unameza kidole. Nimemwambia mchungaji asiruhusu mtu kupanda.

Unajua amenijibu nini? "Binti yangu, nguzo hiyo tumeshaiombea."

Tumeshaiombea! Nikamwambia, "Baba, hata mimi nimeiombea. Bado imepasuka."

Mzee wa kanisa akadakia: "Uhandisi umekumaliza imani. Watangazie waumini kwamba iko salama, ibada ianze." Nikakataa. Sisemi uongo madhabahuni ili watu waimbe.

Sasa sikia. Mama yangu mzazi akasimama mbele ya wote: "Natangulia mimi, niifute aibu ya mwanangu." Akapanda. Mama huyuhuyu aliyenichapa utotoni kwa uongo wa kijiko cha sukari!

Nimemsihi ashuke, hataki. Kwaya inataka kumfuata, nami nimekaa kwenye ngazi, nimeziba njia. Mzee ananifokea kwamba naharibu ibada. Sitoki.

Njoo upesi. Wewe Mama huwa anakusikiliza.

Ameanza kuimba huko juu, peke yake, na vumbi la saruji linaniangukia begani.