Mgane wa Mistari Mitatu

Jumapili, 5 Juni 1955

Leodegar ni mgane. Amesema Padri Apolinari altareni leo, misa ya saa moja, hapa Chang'ombe. Tangazo la kwanza la ndoa: Leodegar, karani wa ghala, mgane, na Tekla, mshonaji, hajaolewa. Anayejua kizuizi aseme. Akinyamaza, dhambi ni yake. Yamebaki matangazo mawili. Harusi Jumamosi tarehe 25.

Baada ya misa nilimuuliza Padri, udadisi tu: amejuaje kwamba mke wa kwanza amekufa? Akafungua kitabu chake cha sala, akatoa kipande cha gazeti. "Si lenu hili, Bwana Adelard?"

Letu. Mistari mitatu, Machi 1953. Kokuberwa, mke wa Leodegar, amefariki kwao Bukoba "baada ya kuugua kwa muda mfupi". Maneno hayo ni yangu. Nimewazika wengi kwa maneno hayo.

Tanzia hatuzihakikishi. Mfiwa analeta barua, sisi tunachapa. Bei ya sukari ningeuliza watu wawili!

Jumanne, 7 Juni

Bi Zuena, mama mwenye nyumba, ananicheka. Nyie Wakristo mnanadi maharusi mara tatu kama mnada wa ng'ombe! Nikamwambia ni ili apatikane mwenye pingamizi. "Na hupatikana?" Sijawahi kumwona.

Jioni uani nilikutana na mpangaji mwenzangu, Kokushubila, aliyetoka Bukoba baada ya Pasaka. Nikampa pole ya marehemu Kokuberwa.

"Marehemu gani? Pasaka kaniazima mwavuli. Sijamrudishia mpaka leo!"

Nilicheka. Halafu nikaacha kucheka.

Shahidi mmoja hatoshi. Kesho nampelekea telegramu mwakilishi wetu wa Bukoba.

Ijumaa, 10 Juni

Jibu limefika. KOKUBERWA MZIMA. NIMEMWONA. AULIZA NANI KASEMA AMEKUFA.

Mimi.

Jumapili, 12 Juni

Tangazo la pili. Hakuna aliyesimama. Nilikuwa benchi la nne, telegramu mfukoni. Upande wa wanawake Tekla alikuwa amefunga kilemba kipya cha buluu. Nilijiambia nisikie kwanza upande wa pili, ndivyo kazi inavyotaka. Pia ni kisingizio kizuri.

Nilimpata Leodegar nyuma ya kanisa. Hakukana — hilo sikulitegemea. Mwaka ule mdogo wake alikuwa anaoa Bukoba. Msimamizi wa ghala alimnyima ruhusa: ruhusa ni ya msiba tu, na msiba auone gazetini. Yeye na Kokuberwa walikuwa wamekwisha kutengana, kila mtu kwake. Akaona jina lile halitamwumiza mtu.

"Nikapata siku kumi na nne, kaka. Narudi — ghala zima linalia! Mzee mmoja kaniletea mchele. Ningemfufuaje?"

Nikamuuliza mbona hakukoma hapo. Akainamisha kichwa. Kisha: "Mie nilimwua, lakini wewe ndiye uliyemzika."

Halafu akanipa ushauri. Nikaungame. Neno la maungamo Padri hawezi kulitumia kuzuia ndoa. Wewe unakuwa mweupe, na sie tunaoana. Inaonekana amelifikiria siku nyingi.

Alhamisi, 16 Juni

Tekla alinisubiri mlangoni pa ofisi. Shikamoo, kaka Adelard. Anataka marehemu asomewe misa kabla yeye hajaingia nyumbani mwake. Padri anahitaji jina la ubatizo. Leodegar anasema amelisahau, na gazeti halikuliandika.

"Alikuwa mtu wa namna gani? Sitaki anione nimekuja kumwibia."

Nikasema nitaulizia. Si uongo. Si kweli vilevile. Naliandika hapa ili nilione.

Jumamosi, 18 Juni

Alasiri nilipanga foleni ya maungamo. Mbele yangu watu watano. Nilitaka kujua tu kama miguu itanipeleka. Watatu. Mmoja. Zamu yangu ikafika — nikampisha mama aliyekuwa nyuma yangu. Mle ndani ningesema kweli mahali pekee ambapo haiwezi kumsaidia Tekla.

Nikangoja hadi Padri alipotoka. Nikaomba kuonana naye kesho sakristia, chumba anachovalia mavazi ya misa. Akauliza: ni neno la maungamo, au la kusema?

"La kusema, Padri. Na nina karatasi."

Akanitazama, akatazama mfuko wangu.

Masahihisho nimeyaandika, nayo ni mistari mitatu. Kokuberwa yu hai. Habari ya kifo chake ilichapwa bila kuhakikishwa. Kosa ni la mwandishi, Adelard. Mhariri amesoma, amenung'unika, ameyapangia gazeti la Jumatano. Aliongeza "kwa bahati mbaya". Nimeyafuta maneno hayo.

Leodegar nimemwambia nakokwenda, asije akasikia kwa mwingine. Akauliza kama namwacha aseme mwenyewe kwanza. Nikasema mlango wa sakristia ni mmoja, na anaweza kutangulia.

Kesho saa kumi na mbili na nusu, sakristia. Misa saa moja, na tangazo la tatu. Padri ameniambia nisishangae nikimkuta Tekla humo: zamu ya kupanga maua ya altare ni yake.