Upendo Hajachanganyikiwa, Anasoma kwa Sauti

Mama Upendo mke wangu,

Pokea salamu kutoka Mbalizi. Mimi ni mzima, ila mgongo unauma, maana msimu wa viazi umepamba moto na malori ya kupakia hayaishi. Huko Tosamaganga mnaendeleaje? Kifua cha mama kimetulia na baridi hii? Nimeandika kwa sababu simu unayopokelea ni ya jirani, na jambo hili sitaki lisikilizwe na watu.

Uliniagiza niende Mbeya mjini nikamtoe mtoto chuoni, kwa vile mama mwenye nyumba alikupigia kwamba Upendo anaongea peke yake uani na kupunga mikono. Nilienda Jumapili. Nikafungua geti, nikamkuta kweli anazunguka kamba ya nguo anaongea. Nikamwita. Akageuka vizuri tu, "Shikamoo baba. Umeniletea viazi?"

Nikamuuliza anaongea na nani. Akacheka. Anasema hiyo biashara anayosomea ina maneno mengi, na akisoma kimya hayaingii, mpaka ajisikie anamfundisha mtu. Mwenzake wa chumbani anaelewa kwa kuchora, mwingine mpaka aende sokoni akaone mwenyewe. Mwalimu wao aliwauliza darasani kila mtu anaelewa kwa njia gani, ndipo na yeye akajijua.

Sikuamini. Nikamwambia basi nifundishe mimi. Akanikalisha kwenye ndoo. "Baba, wewe ndiyo darasa. Usisinzie." Akanieleza kwa nini mteja anarudi duka lile lile hata bei ikipanda. Mengine yalinipita, unajua niliishia darasa la tano, lakini nilipomuuliza swali alisimama, akafikiri, akanijibu sawasawa. Mtu aliyeharibikiwa kichwa hajibu hivyo. Mwishoni nilisinzia, naye akaendelea kufundisha.

Wakati wa kutoka nikamweleza mama mwenye nyumba. Akasema, "Baba Upendo, mbona nimeshamwita mchungaji aje amwombee?" Nikamwambia aje tu, mtoto atapata mwanafunzi.

Na jana Upendo kanipigia. Lile somo lililomwangusha mwaka jana amelifaulu. Nilikaa juu ya magunia, lori likanisubiri. Kwa hiyo usije kumchukua.

Nisalimie mama, na mdogo wake Upendo. Msalimie pia dada yangu, aliyetaka mtoto arudishwe haraka. Mwambie bado anaongea peke yake, na tumeamua aendelee.

Ni mimi mumeo,
Baba Upendo