Pasi ya Nyuma

Bangwe, Kigoma

Dada Yusta,

Shikamoo. Huku wazima, ila dagaa wameadimika. Klabu yetu ya raga, ile ya wachezaji kumi na watatu, imekua. Hata vijana wa Simbo wanakuja, na watu wameacha kutucheka.

Kwenye raga pasi hutolewa nyuma. Hugeuki, unasikia sauti ya mwenzako, unaachia mpira. Jumamosi nilimsikia mdogo wetu Elikana, ambaye ziwa halijamrudisha tangu mtumbwi uzame: "Kaka, nipo!" Nikaachia. Nyuma hapakuwa na mtu. Niliuokota mpira umelowa, na uwanja ulikuwa vumbi tupu.

Mama usimwambie, atahamia uwanjani. Mimi mwenyewe bado natoa pasi upande ule.

Mdogo wako,
Filemoni