Hatua Kumi za Mjomba

4 Februari

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi huku mzima, ila macho yameanza kudai miwani ya pili juu ya ile ya kwanza. Wewe je, unaamkaje? Mama yako ameniambia bado unashinda kitandani, na mwezi huu unatimiza miaka miwili ya kuugua.

Leo nimefagia karakana peke yangu, kisha nikakaa kwenye kiti chako cha dirishani. Nikakumbuka mwaka ule wa madaftari ya mahudhurio ya shule: mia mbili, kwa siku nne. Mimi nakunja karatasi, wewe unashona, gundi inachemka, na kila ukimaliza daftari unalipiga mgongoni kama mtoto aliyeshiba. "Mjomba, unanichelewesha!" ulikuwa ukinifokea. Ndipo yule aliyekuwa akituletea karatasi akakubandika jina la Cherehani.

Sasa sikiliza. Wenye jengo wanataka jibu kufikia mwisho wa Juni: nabaki au naondoka. Peke yangu siwezi tena kujalidi vitabu. Ukirudi, nabaki, na karakana ni yako. Utakuwa umepona?

Mjomba wako

19 Februari

Mjomba, shikamoo.

Natumaini macho hayajadai miwani ya tatu. Barua hii naiandika kwa siku tatu, mistari michache kila asubuhi, kwa hiyo ukiona mwandiko unabadilika, ni mimi yuleyule.

Watu hawaelewi, wala siwalaumu. Mama alimwambia jirani, "Binti yangu anaumwa uchovu." Jirani akacheka: "Shoga, na nani hajachoka?" Lakini huu si uchovu wa kushona siku nne. Ule ulikuwa unalala, unaamka, umekwisha. Huu nalala kwa saa kumi na mbili nzima, naamka kama sijafumba jicho. Nikiosha nywele Jumatatu, Jumatano ndipo mwili unazimika: miguu mizito kama mchanga uliolowa, maneno yananikimbia, mwanga unaniumiza. Vipimo vyote safi. Daktari wa tatu ndiye aliyeupa jina: uchovu sugu.

Kupona nataka, Mjomba. Nataka mno. Niambie nifanye nini.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

U hali gani? Umeniuliza aina ya swali ninalolipenda kuliko yote, kwa hiyo egemea mto vizuri.

Unakumbuka mashine ya kubania vitabu? Hatukuikaza yote kwa mpigo. Robo mzunguko, tunangoja. Robo nyingine, tunangoja. Mpaka kitabu kinakuwa kigumu kama tofali. Na mwili ni hivyohivyo. Leo tembea hatua kumi, kesho ishirini, keshokutwa thelathini. Mwili ukilalamika, usiusikilize, huo ni mwanafunzi mvivu tu, nao nimewafundisha wengi. Na ulichoanza ukimalize, kama ulivyokuwa ukifanya hapa.

Kufikia Juni utakuja kwa miguu kutoka huko kwenu, unipite njiani!

Mjomba wako

18 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu tu. Hii ni ya tatu bila jibu. Mama yako naye simu anaikata upesi. Umefikia hatua ngapi?

Mjomba wako

9 Juni

Mjomba, shikamoo.

Pole kwa kimya. Mkono ni wa mama, maneno ni yangu.

Nilizifuata hatua zako. Siku ya kumi na tisa nilifika duka la kona, nikanunua sabuni. Mwenye duka akapiga kelele, "Umefufuka!" Nikarudi naimba. Siku mbili baadaye nikaanguka. Wiki saba pazia limefungwa, mama ananilisha kwa kijiko, barua zako ziko mezani na sikuweza kuvumilia hata sauti ya kusomewa.

Sikukasirika. Ulinifundisha unachokijua. Lakini mwili huu si mvivu, Mjomba. Ni mgonjwa. Muuguzi anayekuja sasa ananifundisha kinyume chako: niache jambo nikiwa bado naliweza, nikae kabla sijachoka. Siku hizi nakaa barazani dakika kumi. Nimemuuliza kama nitapona. Akasema wapo wanaopona kabisa, wapo wanaopata nafuu wakaishi nayo, wapo wanaobaki walipo, na hakuna awezaye kuniambia mimi ni yupi. Nililia, halafu nikatulia. Ndiye mtu wa kwanza ambaye hakunipangia tarehe.

Usiningoje, wajibu wenye jengo. Na Cherehani mwache. Hata mimi namkumbuka, tena kukushinda wewe. Lakini kila barua yako unamwandikia yeye, na mimi naisoma kama mtu aliyefungua barua isiyo yake.

Mpwa wako

21 Juni

Mpwa wangu,

Leo sikuulizi hali, umeshanieleza. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Nisamehe. Nilikwisha kuandika kurasa mbili kueleza kwa nini nilikosea, nimezichana. Hata kuomba radhi nataka kufundisha!

Jana nimewajibu wenye jengo: naondoka. Mashine inakwenda chuo cha ufundi. Usijilaumu. Nilikuwa najificha nyuma ya kupona kwako, maana mimi mwenyewe sikutaka kufunga. Baada ya kuzima taa nilisimama kidogo mlangoni. Miaka thelathini na moja. Tulicheka sana mle ndani, wewe na mimi, na hayo hayahitaji kurudi ili yawe kweli.

Sijui kama utapona. Ni mara ya kwanza nakuandikia "sijui", na kalamu imesita. Natamani upone, kwa muda wowote utakaochukua.

Alhamisi nitapanda basi la asubuhi, saa nne nitakuwa kwenu. Nitakaa karibu yako robo saa bila kusema neno. Mama yako amecheka mpaka akakohoa, anasema hilo ataita majirani walishuhudie. Kisha nitamfuata yeye jikoni, nikamchoshe huko. Barua hii usiijibu. Nywele usizichane kwa ajili yangu. Na mlango uachwe bila komeo, usije ukaamka kunifungulia.

Mjomba wako