Sisimizi wa Babu

Mwenzangu, uko? Nimejifungia chooni kazini kwa hasira.

Unakikumbuka kile kitabu cha ndege alichochora babu mzaa mama? Nilimwazima bosi akitazame tu. AKITAZAME TU!

Leo ametuita mkutanoni, anatugawia zawadi: vikebe vya kalamu, madaftari, stepla. Zote zina ndege wa babu! Korongo wake yuko kwenye stepla, mwenzangu. Kwenye stepla!

Na unajua babu kila ndege alimwekea sisimizi mmoja mguuni, ndiyo ilikuwa sahihi yake. Wamefutwa wote. Fundi aliyetengeneza picha ananijibu bila haya: "Vile vidoa? Nilidhani uchafu."

Uchafu! Jina la babu yangu, uchafu!

Bosi naye: "Picha za zamani hazina mwenyewe, dada. Furahi, babu yako yuko kila meza."

Nikaipiga picha ile stepla, nikamtumia mama. Hakuuliza habari ya bosi wala ya wizi. Ameandika tu: "Mwanangu, mbona sisimizi wa baba simwoni?"

Kitabu bado kiko mezani kwa bosi. Nafungua mlango. Leo atanijua mimi mjukuu wa nani.