Yah: Jeneza la Kumi na Mbili

Kwako Fundi Gervas, mwalimu wangu wa useremala,
Kaburini, nyuma ya migomba, Kirushya.

Shikamoo, Mzee.

Mimi Sospeter, niliyekuwa nikikushikia mbao na kukuandikia ankara katika karakana yetu, naomba kwa heshima kuwasilisha kwako maelezo ya kosa langu. Huu ni mwezi wa pili tangu tukuzike. Nimechelewa kuandika kwa sababu nilitafuta maneno yanayostahili, na sikuyapata.

Unaikumbuka sheria yako. Ulikataa ankara iandikwe kabla mteja hajapokea mali na kuweka saini. "Wewe Sospeter, acha haraka. Washushe kwanza, wahesabu, ndipo ulete maneno yako marefu." Nilikucheka moyoni, Mzee, maana hukujua kusoma zaidi ya tarakimu. Hizo ulizichora kwa penseli ndani ya kila kifuniko, ile mbili yako ikiwa na mkia mrefu kama ndoana.

Wiki ile shirika la kambini liliagiza majeneza kumi na mawili kwa ajili ya wakimbizi. Tulipomaliza la mwisho ulikwenda kulala, kifua kikikusumbua, nami nikaketi nikaiandika ankara mapema. Ilikuwa nzuri. "Majeneza kumi na mawili ya mbao za paina, yaliyorandwa na kupigiliwa kikamilifu, kwa gharama iliyokubaliwa baina ya pande zote mbili." Hapakuwa na neno lililofutwa hata moja.

Asubuhi yake hukuamka.

Mkeo, Mama Koleta, alisema tusihangaike kutafuta mbao nyingine, tukuzike katika lile la kumi na mbili. Nililipigilia misumari minane mimi mwenyewe, tukakuzika siku hiyo hiyo. Kesho yake lori la shirika likaja kuchukua kumi na moja yaliyobaki, nami nikashindwa kuichana ile ankara. Nilijiambia kwamba nitaisahihisha nikifika kambini. Ukweli ni kwamba fahari yangu ilikuwa kubwa kuliko msiba wangu.

Kambini niliingia ofisini kugongewa muhuri wa kuingia wakati mali ikishushwa. Niliporudi, karani wa bohari alikuwa ameshasaini katika daftari lake: kumi na mawili, yamepokelewa. Nikamwambia amekosea, ni kumi na moja.

Akacheka. "Kaka, mbona unajipunja? Mzee wako alikuwa ananisomea namba ndani ya vifuniko, mimi naandika. Moja mpaka kumi na mbili."

Nikamuuliza, mzee yupi?

"Si huyo mwenye penseli sikioni? Ana udongo hadi kwenye nyusi! Nilimwambia akanawe, akasema hana nafasi."

Nilikimbia kwenye lori. Hapakuwa na mtu. Nikaingia boharini, nikahesabu kwa kidole. Kumi na mawili. Nilifunua la mwisho: namba ilikuwamo, pamoja na mkia wake. Misumari yangu ilikuwa imeng'olewa, lakini matundu yalibaki, yote manane, pale pale nilipoyapiga. Nikiwa bado nayagusa, wahudumu wa kambi walilibeba, wakamlaza humo mama mmoja ambaye hakuna aliyemjua jina.

Nilirudi Kirushya na malipo kamili. Nilimsimulia Mama Koleta nikitarajia apige yowe. Alikuwa akichambua maharage, wala hakuinua kichwa.

"Mwanangu, mzee wako hakuwahi kumpelekea mtu ankara ya uongo. Wewe umeshaandika kumi na mawili. Ulitaka afanyeje?"

Kisha akanipeleka kwenye kaburi lako. Limebonyea katikati, Mzee. Tumelijaza udongo mara tatu, na kila Jumapili tukitoka Misa tunalikuta limebonyea tena. Husimama hapo nikijiuliza unalalaje sasa, wewe uliyekuwa ukilalamikia baridi ya sakafu hata wakati wa kiangazi.

Benchi lako ninalitumia. Randa yako bado inavuta kushoto, na bado sijui ulivyokuwa ukiinyoosha. Ankara siandiki tena mpaka mteja apokee, ahesabu, aweke saini. Wateja wa Kabanga wananitania, "Na wewe umeshazeeka?" Nawasogezea kalamu waweke saini.

Fedha ya lile la kumi na mbili sikuila. Nilinunulia mbao, na jeneza lako jipya nimekwisha kuliranda. Ndani ya kifuniko sikuweka namba, kwa kuwa namba ilikuwa kazi yako. Katekista amekubali kuja Jumamosi asubuhi, tufukue, tukulaze upya kwa sala. Ninakuahidi kwamba ankara ya jeneza hili haitaandikwa, si kwa shirika, si kwa Mama Koleta, si kwako.

Kwaheri, mwalimu wangu. Ombi langu limebaki moja, nalo naliwasilisha kwa unyenyekevu wote.

Jumamosi tukifukua, tukukute.

Wako mtiifu,
Sospeter